Raba

Katibu wa kaunti amenipa raba
kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia:
nifute yote yaliyoandikwa vitabuni
kabla ya ukaguzi wa Machi.
Nimeanzia rafu ya upelelezi, ile ya dirishani,
ambako jua la Alabama limepausha majalada
hata damu iliyochorwa imekuwa rangi ya chai.

Vitabu ishirini na viwili, mpelelezi mmoja:
Lucius Gaddy, goti bovu, mbwa kiziwi,
tayari mtu mzima nilipokuwa nanyonya,
na hadi leo hajatimiza sitini.
"Mke wake amezikwa mara mbili,"
kaandika mtu nyuma ya kile cha nane. "Hesabuni."
Na Doyle, aliyekuwa askari:
"Nimevaa beji miaka thelathini na mmoja.
Hakuna anayefyatua risasi sita ndani ya gari
kisha akasikia mnong'ono."
Chini yake, kwa wino: "Basi azima cha mapishi, Doyle."

Bibi Eulalie Tarpley, mwalimu mstaafu,
herufi zake zimelala upande mmoja kama nyasi za ukingoni.
Yeye alisomea mvua.
Alisema mwandishi ndiye pekee anayeijua
harufu ya Tombigbee mafuriko yakishapungua,
tope, kutu, na kitu kitamu kilichooza.
Aliyeua hakumjali sana.

Hosea Bledsoe, kinyozi, hukandamiza penseli
hadi maneno yanatokeza upande wa pili wa karatasi.
Kitabu cha kwanza: "Watu weusi wanne.
Watatu wamefungua mlango. Mmoja kaokota maiti.
Hakuna mwenye jina la ukoo."
Cha pili: "Vilevile."
Cha tatu: "Vilevile."
Cha saba: "Mpishi kapata jina. Sura iliyofuata, kauawa."
Cha kumi na moja: "Ardith Pickens anamjibu Gaddy mbele ya watu
na anafika ukurasa wa mwisho akiwa hai.
Haya. Tuone."

Bibi Tarpley, chini yake:
"Kwa nini unaendelea kusoma kinachokuudhi?"
Naye, safari iliyofuata:
"Mto ameupatia. Na mto ni wangu pia."

Hawakuwahi kuketi meza moja.
Bibi alikuja Jumanne asubuhi,
Bledsoe Jumamosi, akishafunga duka, nywele za watu mabegani.
Sakafu hii mama yake aliipiga deki miaka kumi na miwili
bila ruhusa ya kuazima hata kamusi.
Hilo hakuliandika popote.
Aliniambia mimi, siku moja, akingoja mvua ikatike.

Sheria yao ilikuwa moja, na hakuna aliyeitunga:
jina la muuaji haliandikwi.

Kitabu cha ishirini na mbili.
Mwandiko wa Bibi umeyumba, umepanda mstari, umeshuka.
"Macho yamenitupa ukurasa wa 211.
Mtu asinifichulie."
Kisha, kwa nguvu kidogo kuliko mwanzo:
"La. Mtu aniambie. Ni nani?"

Tulimzika Novemba.
Jumamosi yake Bledsoe alikiazima,
akakaa nacho wiki tatu kupita siku,
akalipa faini kwa sarafu, bila kusema kitu.
Sikukifungua hadi leo, raba mkononi.

"Ni jaji, bibi.
Tulimshuku sote tangu sura ya pili,
wewe kwa viatu vyake, mimi kwa adabu zake.
Mwisho ni dhaifu. Mvua ni nzuri."

Nimefuta tusi moja katika cha tano,
na namba ya simu ya mwanamke fulani.
Mkaguzi akiuliza, nitasema raba iliisha.
Na hata ningesugua hadi jioni:
nimegeuza ile karatasi, nikapitisha kidole gumba,
na jaji bado yupo, kinyumenyume,
ameinuka kama kovu.